Siku Moja Iliyofichwa: Kufunza Msuko na Taharuki kwa Filamu ya Mshukiwa X

Muulize mtahiniwa yeyote maana ya taharuki naye atakujibu bila kusita: ni hali ya msomaji kutaka kujua yatakayofuata. Jibu hilo si baya. Tatizo ni kwamba mara nyingi huishia hapo. Akiambiwa aonyeshe jinsi taharuki ilivyojengwa katika riwaya aliyosoma, huorodhesha sura ambazo mwisho wake umeachwa ukining'inia, akaongeza kwamba "msomaji anabaki na maswali mengi", kisha akaendelea na swali jingine. Ni maswali gani hayo? Nani aliyeyapanda akilini mwa msomaji? Je, ni maswali sahihi? Hapo kalamu hukwama.

Makala haya yanakupendekezea, mwalimu mwenzangu, filamu moja ya Kijapani inayoweza kuikwamua kalamu hiyo. Haimo katika orodha ya vitabu teule na wala sidai iingizwe. Hata hivyo, kwa zaidi ya saa mbili inafunza jambo ambalo sisi hulieleza ubaoni kwa muhula mzima: tofauti baina ya matukio yenyewe na msuko, yaani mpangilio ambao mtunzi ameamua kutupa matukio hayo. Nakutahadharisha mapema kwamba nitafichua mwisho wake. Haiwezekani kuijadili kwa dhati bila kufanya hivyo, na kazi nzuri ya sanaa haiharibiki kwa kujulikana mwisho.

Filamu yenyewe ni Yōgisha X no Kenshin, jina tunaloweza kulifasiri kama Kujitolea kwa Mshukiwa X. Ilielekezwa na Hiroshi Nishitani na ikatoka nchini Japani mwaka wa 2008. Imetokana na riwaya ya Keigo Higashino iliyochapishwa mwaka wa 2005 na kutunukiwa Tuzo ya Naoki mwaka wa 2006. Tuzo hiyo ni miongoni mwa zile zinazoheshimiwa sana katika fasihi ya Kijapani. Kabla ya filamu hiyo, mwaka wa 2007, mhusika wake mmoja, mwanafizikia Yukawa, alikwishapendwa na watazamaji wa televisheni kupitia kipindi kilichoitwa Galileo. Kisa kilikuja kutengenezewa filamu nyingine Korea Kusini mwaka wa 2012, Uchina mwaka wa 2017 na India mwaka wa 2023. Mataifa manne yamekitamani kisa kimoja, ingawa muuaji anajulikana tangu mwanzo!

Naam, tangu mwanzo. Yasuko Hanaoka ni mama anayemlea binti yake Misato na kuuza chakula cha mchana kinachopakiwa katika visanduku. Togashi, mume aliyeachana naye, anamfuata hadi nyumbani na kumsumbua. Vurugu zinazuka, na mama na mwanawe wanamnyonga kwa waya wa umeme. Tunayaona haya yote kwa macho yetu. Mara mlango unabishwa. Ni jirani wao, Ishigami, mwalimu wa Hisabati katika shule ya upili, mtu mpweke asiyezungumza sana, ambaye kila asubuhi hupita dukani kwa Yasuko kununua chakula. Amesikia kila kitu ukutani. Anawaambia kwamba yeye atashughulikia mambo yote.

Baadaye maiti inapatikana kando ya mto. Uso umepondwapondwa na vidole vimechomwa ili alama zake zisisomeke. Karibu na hapo pana baiskeli iliyoibwa, nayo ina alama za vidole za marehemu. Polisi wanaifuata ile njia ya alama na nywele hadi chumba alichokuwa amekodi Togashi, wanalinganisha, wanaridhika kwamba marehemu ndiye Togashi, kisha wanamwendea Yasuko na kumuuliza: jioni ile ulikuwa wapi? Yasuko anajibu kwamba alikuwa kwenye sinema na binti yake. Vipande vya tiketi vipo. Wanachunguza na kuchunguza tena, na ushahidi wa kutokuwapo kwake mahali pa mauaji hautikisiki.

Hapa ndipo ninapokushauri usimamishe filamu na uwaulize wanafunzi: swali lenu sasa ni lipi? Karibu wote watasema: Ishigami aliwatengenezeaje ushahidi huo wa uongo? Waandike swali hilo daftarini. Ni muhimu waliandike, kwa maana baadaye hawatakubali kwamba walikuwa nalo.

Ukweli ni kwamba ushahidi ule si wa uongo. Yasuko na Misato walikwenda sinema kweli jioni waliyoulizwa. Togashi aliuawa siku iliyotangulia. Maiti iliyopatikana mtoni si yake bali ni ya mtu mwingine kabisa, mtu asiye na makao aliyekuwa akiishi kando ya mto huo. Ishigami alimfanya akae katika chumba cha Togashi ili aache humo nywele na alama za vidole, akamfanya aishike ile baiskeli, kisha akamuua siku ya pili na kumharibu uso. Maiti ya Togashi ilikwisha fichwa kwingine. Polisi walikuwa wakichunguza mauaji ambayo Yasuko hakuyafanya, katika siku ambayo hakuwa na la kuficha. Ndiyo maana alijibu bila kubabaika.

Sasa rudisha filamu nyuma na uwaonyeshe wanafunzi mahali walipopotezwa. Tuliona kifo cha Togashi. Kisha tukaona maiti mtoni. Baina ya picha hizo mbili hapakuwa na mtu aliyetuambia kwamba maiti hiyo ndiyo ile. Sisi wenyewe tuliziunganisha. Siku moja nzima imeondolewa katikati na pengo tukalijaza kwa mazoea yetu ya kutazama filamu. Mtunzi hakusema uongo hata mara moja. Alinyamaza tu mahali alipojua kwamba sisi hatutanyamaza. Huu ndio msuko. Ukishalielewa jambo hili, huwezi tena kuandika kwamba msuko ni "mtiririko wa matukio" ukaridhika, kwa kuwa hapa mtiririko umekatwa makusudi na maana yote ya kisa imo katika ule mkato.

Utaona pia kwamba mtunzi anatuonya waziwazi. Ishigami anaeleza jinsi anavyotunga mitihani yake. Hapendi maswali magumu ya bure. Hupenda kuwanasa wanafunzi wanaokimbilia mazoea: swali linaonekana kuwa la jiometri ilhali kwa hakika ni la aljebra. Mwanafunzi anayeona maumbo huanza kuchora, na anachora hadi kengele inalia. Maneno haya yanasemwa kama mazungumzo ya kawaida ya mwalimu kuhusu kazi yake, lakini ni ufunguo wa kesi nzima. Swali la polisi linaonekana kuwa la ushahidi wa kutokuwapo ilhali ni la utambulisho wa maiti. Mtahiniwa anayetafuta mfano wa kisengere mbele hatapata mwingine uliofichwa vizuri hivi, maana umewekwa mezani mbele ya kila mtu. (Na sisi walimu tusijifanye hatumjui Ishigami. Nani kati yetu hajawahi kutunga swali la ufahamu lenye mtego wa namna hiyo?)

Tuingie sasa katika pambano la akili mbili, jambo ambalo filamu hii inasifiwa kwalo. Manabu Yukawa, mwanafizikia wa chuo kikuu ambaye huwasaidia polisi, alisoma chuo kimoja na Ishigami na humwita gwiji wa kweli. Anapogundua kwamba rafiki huyu wa zamani anaishi jirani na mshukiwa, anamtembelea, wanakunywa pamoja, anampa karatasi inayodai kuvunja nadharia ya Riemann. Ishigami anakesha akiipitia na anaonyesha kosa lilipo. Katika maongezi yao linazuka swali ambalo wanahisabati wanalijua vyema: lipi gumu zaidi, kulitatua tatizo mwenyewe au kuhakikisha kwamba utatuzi uliotolewa na mwingine ni sahihi? Swali hili limebeba uhusiano wao wote. Ishigami ametunga jibu. Yukawa amepewa alikague. Na kwa vile jibu limetungwa ili livutie, hatari kubwa ni kulikubali kwa uzuri wake. Wasahihishaji watanielewa.

Hata hivyo, nataka kupingana kidogo na wale wanaoiona filamu hii kama mchezo wa sataranji. Yukawa hapati ufunguo wake kwa hesabu. Anaupata pale Ishigami anapotamka, kama kwa bahati tu, kwamba Yukawa bado anaonekana kijana na nywele zake hazijapungua. Kauli ndogo, lakini Yukawa anashtuka. Ishigami anayemjua hakuwahi kujali sura yake. Mtu kama huyo akianza kujitazama katika kioo, basi amependa. Tangu hapo Yukawa anajua kwamba rafiki yake amehusika, na tangu hapo ushindi hautamfurahisha. Mgogoro wa Yukawa si wa akili bali wa nafsi: akinyamaza, anaisaliti haki, akisema, anamwangamiza mtu pekee aliyewahi kumwona kuwa sawa naye. Filamu inawapeleka wawili hawa hata kupanda mlima wenye theluji pamoja, na humo mtazamaji haogopi hesabu. Anaogopa urafiki.

Uhusika wa Ishigami unahitaji kushughulikiwa kwa makini zaidi. Kabla ya mauaji alikuwa amekata tamaa ya maisha kiasi cha kutaka kujinyonga. Kitanzi kilikuwa tayari mlango ulipobishwa: mama na binti, majirani wapya, wamekuja kumwamkua. Akaahirisha, kisha akaacha kabisa. Mtahiniwa ataiita hii sadfa, na ni sadfa kweli, lakini amalize kazi yake kwa kueleza kwamba sadfa hii ndiyo deni ambalo Ishigami anajiona akililipa kwa kisa chote kilichobaki. Wale wawili hawajui kwamba walimwokoa. Anayedai halijui dai lake. Hicho ni kinaya kinachoumiza.

Tena ipo jazanda ya ramani. Tangu ujana wake Ishigami amevutiwa na kanuni ya rangi nne: kwamba ramani yoyote yaweza kupakwa rangi nne tu bila nchi mbili zinazopakana kuwa na rangi moja. Appel na Haken waliithibitisha mwaka wa 1976 kwa msaada wa kompyuta, na Ishigami anaona kwamba uthibitisho ule haupendezi. Akiwa korokoroni anatazama dari na kuligawanya kwa rangi akilini mwake. Msomaji wa fasihi ataona neno moja tu katika kanuni hiyo: kupakana. Majirani wasishiriki rangi. Huyu ni mtu aliyetenganishwa na furaha yake kwa ukuta mmoja, na somo analolipenda linamwambia kwamba walio pande mbili za ukuta hawawezi kufanana.

Wapo waliolalamika kwamba mtunzi hakucheza haki. Nchini Japani, riwaya ilipopata umaarufu, wahakiki na watunzi wa riwaya za upelelezi walibishana sana mwaka wa 2006 iwapo inastahili kuhesabiwa katika utanzu wa honkaku. Huo ni utanzu wa upelelezi wa kimantiki, ambamo msomaji sharti apewe dalili zote ili aweze kushindana na mpelelezi. Je, tulipewa dalili za kutosha za kujua kwamba maiti si ya Togashi? Mimi naona tulipewa. Uso ulioharibiwa, vidole vilivyochomwa na kwa upande mwingine baiskeli iliyoachwa na alama za vidole zinazosomeka: mbona mtu mwenye akili kama Ishigami ahangaike kuficha utambulisho na papo hapo auache wazi? Dalili ilikuwapo. Sisi tuliiita uzembe wa muuaji.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni katika utanzu huu. Muhammed Said Abdulla alitupa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960, na Bwana Msa na kiko chake wakawa marafiki wa kizazi kizima. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka wa 1965. Katika mkondo alioanzisha Bwana Msa, fumbo hutangulia, mpelelezi hulifumbua, na msomaji hupumua. Linganisha na filamu yetu: fumbo linafumbuliwa na hakuna anayepumua. Ishigami, alipoona Yukawa amekaribia, alikwenda kujisalimisha na kudai kwamba alimuua Togashi kwa sababu alikuwa akimwandama Yasuko kwa mapenzi ya kichaa. Kukiri kwake hakuwezi kuvunjwa kwa maswali kwa vile kweli ameua. Tofauti ni aliyeuawa. Alikuwa amejifungia mlango ule tangu siku ya pili. Ndipo Yasuko, alipoelewa ukubwa wa alichofanyiwa, anapojitokeza na kukiri. Kilio cha Ishigami wakati huo hakisahauliki. Mpango uliowashinda polisi umevunjwa na yule uliyetungwa kwa ajili yake.

Wanafunzi wengi watalia hapa, na watakuambia kwamba dhamira ya filamu ni mapenzi ya kujitolea. Jina lenyewe linasema hivyo. Usiwaache waondoke na jibu hilo peke yake. Waulize: yule mtu wa mtoni aliitwa nani?

Hawatajua, kwa kuwa hatukuambiwa. Katika riwaya Ishigami hupita kila asubuhi karibu na vibanda vya wasio na makao na huwapa majina akilini mwake. Yumo mzee anayeponda makopo. Yumo pia mgeni aliyempa jina la Mhandisi kwa kuwa huonekana akisoma majarida ya viwandani, ishara kwamba bado ana tumaini la kurudi kazini. Ishigami anawasifu watu hawa kwa kuishi maisha yenye mpangilio kama saa. Wote humo ni mandhari tu machoni petu: umaskini wa mjini unaopitwa na mwalimu aendapo kazini. Kisha mmoja wao anatoweka na hakuna anayeuliza, si polisi, si majirani, si sisi tuliokuwa tukihesabu tiketi za sinema. Mpango wa Ishigami haukutegemea hisabati. Ulitegemea hakika moja kuhusu jamii yake, kwamba wapo watu ambao wakipotea hakuna ripoti itakayoandikwa.

Na sisi watazamaji tumo katika hesabu hiyo. Tulimwona mtu yule. Alikuwa ndani ya fremu. Tulipotafuta dalili tulitazama baiskeli, maiti, tiketi, uso wa Yasuko. Mtu hai hatukumhesabu kuwa dalili. Kwa hivyo hila ya msuko na dhamira ya kisa ni kitu kimoja: tumeshindwa kulifumbua fumbo kwa sababu ileile iliyofanya mauaji yale yawezekane. Sijaona mfano bora wa fani na maudhui kufungamana, na nimechoka kuona vitu hivyo viwili vikifundishwa katika vipindi tofauti kana kwamba havijuani.

Jambo hili lina faida ya moja kwa moja kwa mtahiniwa. Sisi humfundisha kwamba kuna wahusika wakuu, wasaidizi na wadogo, naye hujifunza kuwaruka wadogo kwa kuwa "hawatahiniwi". Hebu arudi katika riwaya na tamthilia teule akiwa na filamu hii akilini na amtafute yule anayepita mara moja: mpagazi, mlinzi, mtoto anayetumwa dukani, mgonjwa asiye na jina. Ajiulize kisa kingekuwaje kama mtu huyo angeondolewa. Mara nyingine hakitabadilika. Mara nyingine kitaporomoka.

Ukipata nafasi ya kuionyesha filamu katika chama cha Kiswahili, itazame wewe kwanza, maana mauaji yake si ya kuonyeshwa kidato cha kwanza. Kisha wape kidato cha tatu na cha nne zoezi hili: "Ishigami anastahili kuonewa huruma. Jadili. (alama 20)." Wengi watajaza kurasa mbili kuhusu upweke wake, kitanzi, mapenzi na kilio, na utawapa alama zao kwa kuwa yote hayo yamo. Lakini tenga alama nne kwa atakayemtaja Mhandisi, na usiwaambie kabla hawajaanza kuandika.